Nisomee Mstari wa Kwanza

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kila ikinijia huja na mchana wake: jua limekalia mabati ya Makongeni, mashine ya kusaga posho ya jirani inanguruma, na mimi niko peke yangu mbele ya kompyuta ambayo kioo chake chote kimejaa maandishi mekundu.

Kabla sijafika hapo, wacha nijitambulishe vizuri, usije ukadhani unashauriwa na mtu wa barabarani. Mimi ndimi Njoroge wa programu. Hapa Ruiru ukiuliza utaonyeshwa ghorofa ya tatu, madirisha yanatazama barabara ya Bypass, kompyuta kumi na moja, chai ya maziwa wakati wowote. Shule niliiacha darasa la saba. Leo vijana wenye digrii wanabisha mlango wangu wakitafuta kazi, na mimi ndiye ninayewauliza maswali. Nani alinifundisha? Nilijifundisha mwenyewe, kwa macho na kwa ukaidi. Hilo nitalisema mpaka siku ya kuzikwa, na atakayechoka kulisikia atoke nje kidogo, arudi.

Lakini saa saba vijana wakishuka kwenda kula, wanashuka wakicheka, na hakuna anayeniita. Nabaki na zile kompyuta. Ndipo siku ile hunijia.

Wakati huo tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mutua, Mkamba wa Matuu, tulipanga chumba kimoja kwenye ploti moja pale Makongeni, Thika. Kompyuta ilikuwa moja pia, yake asubuhi, yangu mchana. Mutua alikuwa amesoma chuo miaka miwili. Kiingereza kilimtoka kama maji ya mfereji. Changu kilikuwa cha kuokota, neno hapa neno pale, lakini hakuna aliyejua. Nilikuwa na sauti kubwa, mwanangu, na sauti kubwa huficha mengi. Mutua alinishuku kidogo. Nikikodolea kioo macho sana alikuwa akiniambia, "Bingwa, hicho Kizungu umekisoma ama umekitazama tu?" Nami nikimjibu, "Wewe pika githeri, wacha wanaume wafanye kazi." Tunacheka. Kicheko kile sijakisikia tena kwa mtu mwingine.

Mutua alikuwa na dada, Mwende, aliyeuza ndizi sokoni. Alikuwa mcheshi zamani, mpaka upasuaji wa koo ukamwachia pumzi bila sauti. Anasikia kila kitu, hawezi kujibu. Wateja walimdhania mlevi, au ana madharau. Basi Mutua akawaza jambo: tuunde programu ya simu yenye picha. Mwende akigusa picha, simu iseme kwa niaba yake. Na sauti iwe ya nani? Ya mama yao.

Yule mama alisafiri kutoka Matuu, akalala kwetu siku mbili. Tulimfunika na blanketi yeye na simu ili kelele ya posho isiingie, na bado iliingia. Akiwa mle ndani akasema maneno thelathini na mawili. *Ngoja kidogo. Hizi zimeiva vizuri. Usinifinye bei, na mimi nina nyumba. Asante, Mungu akubariki.* Alipotoka, jasho likimtiririka, akasema, "Haya, sasa mtoto wangu atagombana na watu tena." Kwanza Mutua alifanya jaribio dogo, mradi wake tofauti wenye kitufe kimoja tu, akauweka kwenye simu kuukuu tuliyokuwa nayo, ukasema kwa sauti ya mama, na simu ile ikatupwa sandukuni ikasahaulika. Akaufuta kwenye kompyuta, akaniachia mimi niunde programu yenyewe. Sauti zote nikazihamisha kutoka kwenye simu ya Mutua nikazitia kwenye kompyuta. Sikunakili, nilihamisha, simu ipumue. Kumbuka hilo.

Wiki tatu hazikuisha mama akafariki. Moyo, ghafla, akiwa shambani.

Mutua na Mwende waliondoka kwenda kuzika. Mlangoni Mutua alinishika bega. "Njoro, tukirudi nataka Mwende aikute iko tayari. Sasa si sauti ya kuuzia ndizi tena. Unanielewa?"

"Itakuwa tayari," nikasema. "Unaongea na nani?"

Sasa wewe ambaye hujawahi kuunda programu, sikiliza kidogo. Unaiandika kwenye kompyuta kama barua ndefu. Ukimaliza unaiambia kompyuta: jenga. Inakusanya maandishi, picha na sauti, inavifunga viwe kitu kimoja cha kuwekwa kwenye simu. Pakiwa na kosa inagoma, na inakuandikia makosa yake kwa rangi nyekundu. Kwa Kiingereza.

Ile siku niliiambia jenga. Ikagoma. Makosa zaidi ya mia, ukurasa unateremka tu. Mengine yalikuwa kwenye kurasa nilizoziandika vizuri kabisa, ambazo jana zilikuwa salama. Juu kabisa, mstari wa kwanza, palikuwa na sentensi ndefu na jina la faili moja ya sauti ya mama. Nikasoma neno la kwanza, nikasoma la mwisho, katikati nikaruka. Hivyo ndivyo nilivyosoma Kiingereza chote.

Mchana huo huo Mutua akapiga simu kutoka Matuu. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

"Imekubali?"

"Bado kidogo."

"Ina makosa? Nisomee mstari wa kwanza tu, nitakwambia shida iko wapi."

Mwanangu, mstari ulikuwa mbele ya macho yangu. Ningetamka herufi moja moja, hata kwa kugugumia, angeelewa. Lakini angejua. Angejua bingwa hasomi. "Hakuna makosa," nikasema. "Ni kompyuta tu iko polepole. Wewe zika mama."

Akanishukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo linaloniuma.

Nikarudi kwenye kioo. Kila faili ya sauti ilikuwa imetajwa kwa jina katika ule wekundu. Nikaona basi hizi ndizo zenye shida. Nikazifuta. Si kule kufuta kwa kutupa kwenye debe la taka la kompyuta ukaweza kuziokota baadaye, la. Kulikuwa na namna ya kufuta moja kwa moja na mimi niliipenda, niliiona ya mabingwa. Nikafuta thelathini na mbili, na mistari yote iliyozitaja nikaifuta pia. Wekundu ukapungua, ukapungua, ukaisha. Nikasema jenga. Ikajenga! Nikatoka nje nikapiga kelele, "Imekubali!"

Jirani yetu, Mzee Gitau, alikuwa kwenye kivuli cha ukuta akishona magunia ya mwenye mashine ya posho. Alikuwa amefuma vitambaa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika kabla hakijafungwa. Akainua macho. "Imekubali vipi, na asubuhi ulikuwa unaitukana?"

"Nimeondoa kilichokuwa kinaisumbua."

"Haya," akasema, akarudi kwa gunia lake.

Unajiuliza, kweli hukujua simu haitasema? Nilijua na sikujua. Nilijiambia sauti ziko mahali fulani ndani ya ile kompyuta, nitazirudisha moja moja nikitulia. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nilijificha hata mimi mwenyewe.

Walirudi Jumatano. Mwende alikuwa amenyoa nywele. Akaketi kitandani, Mutua akampa simu. Picha zilikuwa safi, nilizipanga kwa ustadi, hilo hata adui yangu atakubali. Akagusa ya ndizi. Kimya. Akagusa tena. Akafikiri sauti iko chini, akaipandisha. Kisha akaweka simu sikioni, akafumba macho, akangoja, kama mtu anayesubiri upande wa pili upokee.

Mutua akanitazama. Nikasema, "Ni spika ya hiyo simu. Nitarekebisha."

Siku kumi na mbili nikasema ni spika. Na siku zote hizo nilikuwa naitumia kompyuta ile ile, naandika juu yake, naweka hiki, natoa kile, nikihangaika kutafuta faili kwa siri. Mwishowe nikaibeba mpaka Kahawa Wendani, kwa fundi mmoja aliyekuwa akirudishia wanafunzi faili zao zilizopotea kwenye kompyuta. Akaichunguza, akatikisa kichwa. "Ungeizima siku ile ile ukaniletea, ningezipata karibu zote. Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo. Huondoka ukiandika juu yake. Umeandika juu yake wiki mbili."

Kisha nikamwonyesha ule mstari wa kwanza, nilikuwa nimeupiga picha. Huyo hakunijua, sikuwa na aibu naye. Akausoma kwa sekunde tatu. "Inasema folda hii ni ya picha, na wewe umetia sauti. Ungezihamishia folda yake tu. Hayo makosa mengine mia si makosa, ni mwangwi wa hili."

Ningezihamisha, mwanangu. Kazi ya dakika moja.

Nilimwambia Mutua jioni hiyo. Hakupaza sauti. Akauliza, "Siku niliyokupigia, mstari ulikuwa hapo?" Nikasema ulikuwa. Akakunja nguo zake. Kompyuta akaniachia, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Mwende akapita mbele yangu bila kuniangalia.

Asubuhi Mzee Gitau alinikuta nimekaa mlangoni. Alikuwa amesikia yote, kuta za ploti ni za karatasi. Hakunihurumia.

"Wee Njoroge. Pale kiwandani, uzi mmoja ukikatika kule nyuma ya mashine, unavuta wenzake. Huku mbele kitambaa kinatoka na makovu hamsini. Mjinga anachukua makasi anakata makovu. Wewe ulichukua makasi."

"Nyinyi mlifanyaje?"

"Kwanza unazima mashine. Kila dakika inayozunguka inaharibu. Halafu unaenda nyuma, unatafuta ule uzi wa kwanza. Ukiupata huukati, unaufunga."

"Na usipouona?"

"Unainua mkono." Akainua wake, mkavu, wenye vidole viwili visivyokunjuka. "Mle ndani kelele ni nyingi, hata ukipiga mayowe husikiki. Ulikuwa unainua mkono, na aliye karibu anakuja. Hakuna aliyemcheka mwenye kuinua mkono, kwa maana kesho ni yeye. Tuliyemcheka ni yule aliyefuma kitambaa kibovu siku nzima na mikono yake imetulia chini. Wewe ulipigiwa simu, kijana. Mwenzako alikuja mpaka kwenye mashine yako, ukamwambia hakuna uzi uliokatika."

Baada ya hapo nilinunua kamusi. Kila kosa nililisoma neno kwa neno, kwa sauti, nikiwa peke yangu katika chumba cha watu wawili. Ndivyo nilivyojifundisha, na ndivyo nilivyofika ghorofa ya tatu. Majivuno yangu yote unayoyasikia yamejengwa juu ya hicho chumba.

Mwaka juzi, tukihamisha vitu kuja Ruiru, ile simu kuukuu ilianguka kutoka kwenye sanduku. Nikaichaji. Jaribio la Mutua lilikuwa bado mle ndani, kitufe kimoja. Nikakigusa. Mle ndani ya simu mashine ya posho ikanguruma, na sauti ya mama ikasema, "Niko hapa."

Nilikaa nayo mwezi mzima kwa woga. Kisha nikaendesha gari mpaka Matuu, kwao. Langoni sikujua niite vipi. Nikainua mkono, nikasimama hivyo juani, mtu mzima na koti lake. Mutua alikuwa akichota maji. Aliniona, akaweka ndoo chini, akaja kufungua.

Mwende aliipokea simu akiwa amesimama. *Niko hapa.* Akagusa tena. *Niko hapa.* Akaingia nayo ndani, na kutoka uani tukaisikia mara nyingi, sikuhesabu.

"Kwa hivyo kile Kizungu ulikuwa unakitazama tu," Mutua akasema.

"Nilikuwa nakitazama tu."

"Si ungesema, Njoro." Si kwa hasira. Akaniletea kiti, akaniletea chai, tukanywa tukitazama mihindi. Nilipoondoka hakusema rudi, wala hakusema usirudi. Mpaka leo hajanipigia simu.

Basi shika haya. Kioo kikijaa wekundu, usihesabu makosa. Acha kila kitu, panda juu, soma lile la kwanza mpaka mwisho wake, hata ukilisoma kwa kugugumia. Usifute usichokielewa ili upate amani ya siku moja. Ukiwa tayari umefuta, simama hapo hapo, usiandike juu yake, sema. Aibu ya kusema ni ya dakika, na ya kunyamaza mimi nimeishi nayo mpaka nimeota mvi. Na mtu akikupigia kutoka mbali, ana msiba wake mwenyewe na bado anakuuliza shida iko wapi, msomee. Hutapata wengi wa kukuuliza.

Mungu akupe kazi inayojengeka, mwanangu, na macho yasiyoruka maneno ya katikati. Na siku utakayoinua mkono, akujalie pawe na mtu wa kuuona.