Ukurasa Mmoja Kila Alasiri

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu huko Mtambile, akavunjika uti wa mgongo. Tangu hapo hakuondoka kitandani. Kila baada ya sala ya alasiri nilimsomea ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza, nikitafsiri kwa kamusi iliyokuwa pajani. Kilieleza maisha ya mwigizaji wa filamu wa Ulaya aliyepewa nafasi ndogondogo kwa zaidi ya miaka thelathini, mara mhudumu wa hoteli, mara maiti, hadi alipopata sifa akiwa na miaka sitini na moja. Nilikichagua makusudi. Ujanani kaka aliigiza na kikundi cha skuli, na watu walitoka vijiji vya mbali kumtazama.

Alichopenda zaidi ni habari za maiti. Mwigizaji yule alijifunza kupumua polepole kwa tumbo, ili kifua kisionekane kikipanda. Kaka naye akajifunza. Alimtisha mkewe mara mbili. Mara ya tatu shemeji aliendelea kukuna nazi.

"Maiti gani huyo anayesikilizia harufu ya chai?"

Vidonda vya mgongoni vilipochimbika na homa ikaanza, kaka aliniomba niruke kurasa.

"Nipeleke anakofaulu. Huku kwenye shida nakujua."

Nikamwambia kitabu husomwa kwa mpango. Akiruka shida, hatauelewa ushindi.

"Haya, mwalimu usiye na cheti. Soma."

Siku tatu baadaye alifumba macho mara nilipofungua kitabu. Ukurasa ulihusu filamu ambayo sehemu yote ya mwigizaji yule iliondolewa kabla haijaonyeshwa. Niliona kifua cha kaka kimetulia, nikadhani anaigiza. Nikasoma hadi mwisho. Nikarudia sentensi moja ambayo tafsiri yake haikuniridhisha, nikaweka alama, ndipo nikamwita. Nilipomshika mkono, ulikuwa umeanza kupoa.

Siku ya hitma, watu walipokwisha kutawanyika, shemeji aliniuliza kama yule Mzungu alifaulu.

"Alifaulu."

"Zilikuwa zimebaki kurasa ngapi kufika hapo?"

"Kumi na sita."

"Kuzisoma ni muda gani, shemeji?"

Nilipiga hesabu, kama nilivyozoea. Nikamwambia, pamoja na kamusi, hazizidi saa mbili.

Akainama, akaanza kukusanya sahani.