Kitanda cha Nyuma ya Dereva

Juzi, pale Lugoba, niliona lori la semi limeegeshwa, pazia la nyuma ya dereva limefungwa. Nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akichagua lori jipya la kuendesha mwenyewe safari za Kongo, akatupeleka yadi tukalione. Lilinukia plastiki na rangi mbichi. Yeye alikagua injini na matairi. Mimi nikarukaruka juu ya kitanda kilichokuwa nyuma ya viti. Mama alikipima kwa shubiri, taratibu, mara mbili.

“Kipana hiki, baba Mwanaidi.”

“Safari ndefu, mke wangu. Mtu ajinyooshe.”

Nilidhani anapimia shuka. Njia nzima ya kurudi Bagamoyo nilimwomba aitarizi maua mekundu. Lakini shuka hakushona. Sasa nami ni mke wa mtu, najua alikuwa akipima kama watu wawili wanaenea.