Mukanda Ghalani

Enzi zetu kule Mukuyuni, nyoka hakutajwa jina. Susu, mama yake baba, alituonya kwamba anayeitwa huitika, basi nyumbani kwetu nyoka akaitwa mukanda, yaani kamba. Tuliliogopa neno nyoka kuliko kiboko cha mwalimu. Watoto wa leo wakiona nyoka hutoa simu kwanza, ndipo wakumbuke kwamba wana miguu.

Dada yangu Mumbua, huyu mnayemwona kwenye televisheni akimshika swila kana kwamba ameshika mwiko, alilelewa katika hofu hiyo hiyo. Baba alikuwa mkulima wa mbaazi na mzee wa kanisa; kwake nyoka alikuwa Shetani mwenyewe. Sisi tukicheza kati, tukikwepa mpira hadi vumbi litujae puani, Mumbua alikuwa amelala kifudifudi akitazama siafu, muthokoi wake wa mahindi ukipoa sahanini. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto macho yake yatamponza." Nilichukia kumsikia, maana niliamini.

Siku moja ya kiangazi kamba ya mbuzi ilikatika, na mama akamtuma Mumbua atafute nyingine. Alipokuwa akihangaika uani, Susu alitoka ghalani mbio, midomo imemkauka, akasema kwa sauti ya chini, "Ghalani kuna mukanda." Sisi wengine tukarudi nyuma. Mumbua, ambaye akili yake yote ilikuwa kwa mbuzi, akamshukuru na kuingia.

Susu alifungua mdomo amwite, lakini neno likamkwama. Hata wakati ule aliogopa kulitaja. Nikalitaja mimi. Nilimwambia Mumbua kwamba humo ndani mna nyoka. Nikaisikia sauti yake, ndogo sana.

"Najua. Iko juu ya mguu yangu. Mwambie Baba asiingie."

Baba alikuwa amekwisha kufika na panga. Alisimama mlangoni, akiomba bila sauti. Mimi niliegemea ukuta wa fito, nikasikia pumzi za dada yangu upande wa pili, na kila moja ilipokwisha niliogopa kwamba nyingine haitafuata. Hatimaye nyoka alipenya chini ya ukuta, akapotelea kwenye mabua. Mumbua akatoka, amejikojolea. Baba alimkumbatia mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Naye, huku analia, akaanza kutusimulia jinsi tumbo la yule nyoka lilivyo laini.

Leo watu wanampigia makofi, na wasichana wa shule kutoka Kabati hadi Salama wanataka kuwa kama yeye. Mimi bado naogopa. Yeye huzama vichakani wiki nzima akitafuta nyoka, simu yake haipatikani, nami nabaki jikoni na woga wangu, sijui nikasimame mlango gani. Akija Krismasi namtazama vidole kabla ya uso. Heri enzi zile: alikuwa gizani na nyoka, lakini nilimsikia akipumua.