Jasho la Ukuta

Mwaka 2023, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, niliamua kuikarabati nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu hapa Shanwe. Aliijenga mwaka 1998 kwa tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, akaipaua kwa bati, tukahamia kabla kuta hazijapigwa plasta. Alisema plasta ingekuja. Alifariki tarehe 3 Agosti 2014, plasta haijaja.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Jumamosi ya tarehe 29 Aprili watu wa Mpimbwe walikuwa wanakuja kutoa mahari ya binti yangu wa mwisho. Ni ukoo wa wakulima wa mpunga, Wakatoliki tangu enzi za babu zao, na kijana wao ni mwalimu. Mimi nilianza kusoma mwaka 2006, katika darasa la watu wazima, mwaka uleule binti huyo alipoanza darasa la kwanza. Jioni tuliandika herufi zilezile kwenye meza moja, na majirani walipita dirishani wakiuliza ni nani anayemfundisha mwenzake. Sikutaka wakwe nao waondoke kwangu na jambo la kuchekea.

Kazi nilimpa fundi mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi. Baba yake alikimbia kutoka Burundi mwaka 1972. Yeye mwenyewe alizaliwa Katumba na ni raia kama mimi. Nilimfahamu tangu mwaka wa msiba, kwa kuwa ndiye aliyelisakafia kaburi la mume wangu, na alipomaliza alikataa malipo, akisema marehemu ndiye aliyemtafutia kazi yake ya kwanza mjini.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yaliniudhi, maana kila nilipoamua jambo alikuwa na ushauri wake. Nilichagua marumaru zinazong'aa. Akasema zikilowa zitamwangusha mtu, afadhali zenye uso wa kukwaruza. Nikaweka zinazong'aa. Nilichagua dari la jipsamu lenye kingo tatu zilizopangana kama ngazi. Akasema sebule ni fupi, kingo moja inatosha. Nikaweka tatu. Nilipochagua rangi ya mafuta, krimu, ile inayofutika kwa kitambaa, alisema kuta zile hazina zuio la unyevu kwenye msingi na plasta yake ni mbichi. Afadhali nipake rangi ya maji, ambayo huuacha ukuta upumue, na hata hiyo isubiri mvua ikatike. Nilimuuliza isubiri hadi lini. Akasema katikati ya Mei, au Juni.

Nilimwonyesha daftari langu. Tangu nilipojua kuandika nimekuwa na desturi ya kuandika kila siku lililotokea, na tarehe yake, na mara nyingi hata saa. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alitufundisha kwamba kilichoandikwa sharti kiwe ndicho kilichotokea, la sivyo ni afadhali kalamu ipumzike. Wakati wa ukarabati daftari hilo lilikaa dirishani, wazi, kalamu ikiwa katikati. Nilimsomea fundi kwa sauti: plasta imekamilika Jumatano tarehe 29 Machi; imemwagiliwa maji siku saba kamili. Nilimsomea kwa sababu niliamini hajui kusoma. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamua tu.

Aliitikia kwa kichwa. Jumanne ya tarehe 11 Aprili, kabla ya kuondoka, alikata kipande cha nailoni chenye ukubwa wa sahani, akakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne. Alinieleza kwamba asubuhi nailoni ikikutwa kavu kwa ndani tutapaka. Ikikutwa na jasho, ukuta bado unatoa maji, na rangi ya mafuta itayafungia humo.

Asubuhi yake niliamka kabla hajafika. Nailoni ilikuwa na jasho. Matone yalikuwa yamejipanga kwa ndani, mengine yakiwa yameanza kuteremka. Niliibandua upande mmoja, nikaifuta kwa pembe ya kanga yangu, nikaupangusa na ukuta, nikaibandika tena. Kisha nikaenda dirishani na kuandika, kwa kuwa desturi ni desturi: Jumatano tarehe 12 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nailoni ina jasho. Nimeifuta. Fundi anaanza kupaka leo.

Fundi alipofika aliitazama nailoni, akapitisha kidole kwenye selotepu, akanitazama mimi. Nilimwambia ukuta umekauka. Alisema, "Sawa, mama," akafungua ndoo.

Kwa muda wa wiki mbili sebule yangu ilikuwa nzuri kuliko sebule zote nilizowahi kukaribishwa. Tarehe 27 mvua kubwa ilinyesha mchana kutwa. Tarehe 28 niliona malengelenge mawili nyuma ya kochi, nikalisogeza kochi liyazibe.

Siku iliyofuata wakwe walifika saa nne asubuhi. Fundi nilikuwa nimemwalika, kusema kweli ili watu wamwone aliyeifanya kazi yangu, naye alikuwa nje akisaidia kufunga turubai. Mazungumzo ya mahari yalikwenda kwa utani, kama ilivyo desturi, hadi lengelenge moja lilipopasuka juu ya kichwa cha mshenga, mjomba wa kijana, na gamba la rangi krimu lenye ukubwa wa kiganja likamwangukia begani. Alilichukua kwa vidole viwili, akalinyanyua watu walione.

"Mkwe," alisema, "tumekuja kuchukua binti, mbona nyumba nayo inavua nguo?"

Wote walicheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Mtu mwingine angecheka nao. Mimi nilisimama, nikamwita fundi kutoka nje, akaja na kofia mkononi, nikamwonyesha ukuta mbele ya wageni, mbele ya binti yangu na majirani waliojaa mlangoni, nikasema kwa sauti niliyoizoea kanisani ninaposoma somo: "Nilimpa mkimbizi kazi ya raia. Hivi ndivyo anavyoilipua."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi aliinama, akaokota magamba yaliyoanguka sakafuni, moja baada ya jingine, akayatia kwenye kofia yake, akatoka nayo.

Mahari ilipokelewa. Wageni walipoondoka, binti yangu alibaki akikusanya sahani, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, kaburi la baba nani alilisakafia?" Alijua kwamba ninalijua jibu.

Neno langu lilitembea kuliko nilivyokusudia. Kulikuwa na mama mmoja wa Kakese, Msukuma mwenye ng'ombe, aliyekuwa amempa fundi yule nyumba yake nzima ya kumalizia, plasta hadi rangi. Jirani yake alikuwa kwenye mahari yetu. Kabla ya tarehe 5 Mei kazi ile alikuwa amepewa mtu mwingine, na mjini ilisemwa kwamba fundi wa Katumba hulipua kazi za wajane. Fundi akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa. Niliposikia, nilidhani anataka fidia, na nikajiandaa kwa hasira. Hakudai fidia. Aliomba isemwe wazi kwa nini rangi ile ilibanduka, na lile neno lirudishwe.

Tuliitwa Ijumaa ya tarehe 12 Mei, saa tatu asubuhi. Ofisini walikuwapo mwenyekiti, wajumbe wawili, fundi na mimi, na watu wachache kwenye benchi la nje waliosikia kila kitu. Mwenyekiti alisema mtaa mzima unajua kwamba mimi huandika. Basi nisome, nisiulizwe. Nililifungua daftari nikiwa na uhakika kwamba tarehe zangu zitanitetea. Nilisoma tarehe 29 Machi. Nilisoma siku saba za maji. Nilisoma tarehe 11 Aprili, nailoni imebandikwa. Kisha macho yangu yakaufikia mstari uliofuata, nami nikauruka, nikasoma tarehe 13, fundi amemaliza ukuta wa pili.

Fundi hakunyanyua sauti. "Na tarehe kumi na mbili, mama?"

Ningeweza kusema siku ile sikuandika. Hakuna mtu mwingine aliyelishika daftari. Hadi leo najiuliza kama ningesoma iwapo asingeuliza, na jibu ninalolipata kila mara silipendi. Niliurudia ukurasa, nikausoma mstari wote, pamoja na neno nimeifuta.

Mwenyekiti hakunikaripia, na hilo lilinichoma zaidi. Aliandika muhtasari kwa mkono wake na kuusoma: kwamba ukuta ulipakwa ukiwa na maji kwa amri ya mwenye nyumba, aliyejua, kwamba neno alilomwita fundi ameliondoa, na ataliondoa tena mbele ya wakwe walewale, kwamba atakwenda mwenyewe Kakese kumweleza yule mama. Nilitamka maneno ya kuomba radhi nikiwa nimesimama. Fundi alisema amesikia. Sikustahili zaidi ya hilo.

Alitia sahihi yeye kwanza. Nilikuwa nimetazamia kidole gumba. Aliandika jina lake lote, kisha tarehe, 12 Mei 2023, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu, mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu akiwa na miaka saba. Nikayakumbuka majuma yote ambayo daftari langu lilikaa wazi dirishani, hatua mbili kutoka ngazi yake. Kumbe ule mstari aliusoma. Sikumuuliza aliusoma siku gani.

Alinisogezea karatasi na kalamu. Niliandika jina langu chini ya lake, na tarehe ileile, na mwenyekiti akagonga muhuri.