Repo Mbele ya Bendera Mpya

Kosa langu ni kujisifu kwamba najua Kifaransa. Kwa hiyo, nilipojiunga na vijana wa kujitolea hapa Rumonge, wale wa kuzibua mitaro na kuokoa watu ziwani, mwalimu wetu, askari mstaafu, aliniweka mbele ya mstari. "Mumufate uyu," akawaambia wenzangu. "Chochote atafanya, mufanye."

Kifaransa chenyewe nilikiokota kwenye kiwanda cha mawese. Msimamizi akisema "repo", tunajilaza kivulini mpaka atuite.

Kwenye mazoezi ya gwaride mwalimu alituamrisha kwa Kiswahili. Juzi, sikukuu ya uhuru, wakubwa wamekaa chini ya bendera mpya na mke wangu yuko kwenye umati, mwalimu akageukia Kifaransa. Jua lilikuwa linachoma. Akapaza sauti: "Repo!"

Nikamshukuru Mungu, nikajilaza mchangani. Nyuma yangu mstari mzima ukalala, puu!

Mwalimu akaja akanisimamia kichwani. "Repo ni kulegeza miguu, bwana, si kulala. Icho Kifaransa ulisomea wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akanijibia kutoka kwenye umati:

"Kitandani!"