Pikapu ya Shemeji Beda

Mungu anisamehe, lakini shemeji yangu Beda, mume wa mdogo wangu Justina, sijawahi kumheshimu kwa akili. Kwa mavazi, labda. Hata shambani kwao Kasense alikwenda na viatu vya kanisani.

Mwaka wa tisini na mbili, magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika mpaka Sumbawanga, naye akataka pikapu. Akauza maksai wake wanne, ambao ndio waliolima shamba lote la nyumba ile. Mnunuzi, mzee Masunga, mfugaji wa Kisukuma, alimaliza asubuhi nzima akiwapima. Akatazama meno, akainua kwato, akawafunga plau wakalima.

Beda akacheka sana. "Mzee, unanunua ng'ombe au unaoa?"

"Nanunua. Ndiyo maana natazama."

Fundi Enock wa Malangali alimshauri bure kabisa. "Kaka, nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukiikuta ya moto, ujue wameiwasha kabla hujafika, wanaficha inavyosumbua kuwaka. Linganisha namba ya injini na ya kwenye kadi. Halafu ipakie mzigo, uipandishe mlima."

"Mafundi mnapenda hela za watu tu," akamjibu. Akanichukua mimi niwe shahidi, tukaenda mjini kwa muuzaji wa pikapu.

Nikagusa boneti, ya moto kama sufuria. Nikamwambia Beda.

"Shemeji, hapa hatupiki ugali."

Muuzaji akatuamkia kwa Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye kioo ilining'inia rozari. Beda akaninong'oneza, "Umeona? Mwenzetu huyu."

Rozari naisali kila siku, na sijawahi kusikia imepandisha gari mlima. Nusu saa haikuisha, hela yote ya maksai ikahama mfuko.

Wiki ya pili akashuka bondeni Ilemba kuchukua mpunga. Kwenye kupanda, pikapu ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Enock alipoifungua alikuta injini imekwisha, na namba yake haifanani na ya kadi, kwa hiyo hata kuiuza haiwezekani. Muuzaji alishahama mji.

Mvua zikaanza. Justina akalima kwa jembe la mkono, akaishia robo ya shamba, mikono imechubuka. Beda amekaa ndani ya pikapu uani, anasikiliza redio, maana redio ilikuwa nzima.

"Shemeji," akaniita, "lakini rangi yake umeiona?"

Nikampelekea jembe. Akalima matuta mawili, akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi.