Weupe Uliompendeza Daktari wa Meno

Darla Pruitt amesafisha matangi ya samaki kwenye ofisi za watu pale mjini Toledo kwa miaka kumi na tisa. Hana shahada. Ana ndoo tatu, mpira wa kuvutia maji, na mikono iliyochakaa kwa chumvi. Lakini akilitazama tumbawe dakika moja tu, anajua kama linaumwa. Likifunga vijidomo vyake vya kulia mchana kweupe, kuna jambo. Likitoa ute unaoning'inia kama makamasi, hali si nzuri. Likipauka, ujue limevitema vijimea vinavyoishi mwilini mwake na kulilisha, na sasa linakufa njaa.

Tumbawe alilolipenda kuliko yote lilikuwa kwenye kliniki ya meno ya Daktari Harlan. Marehemu mumewe, Gene, alimpa likiwa na ukubwa wa kidole gumba, naye Darla akalipachika pale kwa sababu nyumbani hawakuwa na tangi. Baada ya miaka kumi na mmoja lilikuwa kichaka cha rangi ya kahawia, zima kabisa.

Kahawia! Hilo ndilo lililomkera daktari. Mtu ameuza meno meupe maisha yake yote, basi kichwani mwake kila cheupe ni kizima. Darla alipokwenda kwa dadake wiki mbili, bwana huyo akanunua taa kali ya buluu ili ling'ae, akaiacha ikiwaka kutwa.

Darla aliporudi aliwakuta wagonjwa wakipiga picha. Chini ya ile buluu, tumbawe liling'aa kama mapambo ya Krismasi.

"Umeona?" daktari akasema. "Miaka yote umeniwekea kichaka cha matope. Kumbe lilitaka mwanga tu!"

Darla alizima taa ya buluu, akawasha nyeupe. Tumbawe lilikuwa jeupe kama mfupa, na shinani nyama yake ilishaanza kubanduka.

"Mungu wangu," akasema bibi mmoja aliyeshika shavu lililovimba. "Limekufa?"

"Linakufa, mama. Huyu bwana kalichoma kwa hiyo taa yake."

"Darla, usinitishie wagonjwa. Washa taa yangu. Tangi ni langu, na kila kilichomo."

Mkataba wa kazi ya Darla ulisema hivyo kweli, na hapo ndipo hasira zilipompanda.

"Mtu akija hapa fizi zinabanduka, unamsifia weupe wa meno?"

Bibi akacheka, kisha akaguna kwa maumivu.

"Huna kazi tena hapa," daktari akasema.

"Najua." Darla akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono hadi kwapani. Nyuma ya jiwe, mahali ambapo taa haikufika, kulibaki tawi moja la kahawia. Akalikata kwa koleo, akalitia kwenye chupa ya maji ya tangi.

"Huo ni wizi! Nawaita polisi!"

"Waite. Waambie umeibiwa tope."

Hakuwaita. Darla alilia garini, akimtukana daktari hadi nyumbani, na kila alipochungulia chupa, vijidomo vyote vilikuwa vimefungwa.

Siku ya nne, ndani ya ndoo jikoni, kijidomo kimoja kilifunguka. Darla akakiinamia, machozi yakimlengalenga.

"Na wewe usimsamehe," akakiambia.